Mwanne na Jina la Mzizi

Mwanne Zamoyoni alizaliwa Shinyanga, na aliyethubutu kumwita mgeni alijibiwa papo hapo, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Baba yake alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, seremala wa reli aliyeletwa na kazi akiwa kijana, akajenga Ngokolo na kuzikwa hukohuko. Binti alikua akinunua mchicha kwa Kisukuma na kugombezwa nyumbani kwa Kiswahili. Alijifunza kupiga chapa Tabora, akaolewa, akazaa mabinti wawili, Mwaisha na Mwanaidi, kisha mumewe akaenda Geita kutafuta dhahabu. Kama aliipata au hakuipata, hakuna ajuaye, maana hata barua hakuandika. Kuanzia hapo nyumba nzima, pamoja na mama mzazi mwenye miguu ya kuvimba, ilikula kwa vidole vya Mwanne.

Alipiga chapa katika ofisi nne kwa miaka kumi na minne. Mwaka 1988, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa karani wa Mradi wa Visima, ghorofani kwenye jengo la zamani la mfanyabiashara wa pamba, karibu na stesheni. Kazi ya mradi ilikuwa kupima vijiji na kuchagua wapi pachimbwe maji. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta kubwa na vioo vitano vya kuandikia vilivyoungwa nayo kwa nyaya. Chumba kikawekewa kiyoyozi, na kila aingiaye alivua viatu mlangoni kwa sababu ya vumbi. Mwanne aliipenda kazi ile kuliko alivyowahi kumpenda mumewe, na alilisema hilo bila kuona haya. Kuipoteza hakutaka hata kukufikiria, maana mwaka ule ofisi za mjini zilikuwa zinapunguza watu.

Sasa, mashine ile haikumjua mtu kwa sura. Ilimjua kwa jina aliloandika wakati wa kuingia, na neno la siri lililofuata. Ukiingia kwa jina la Mwanne, unagusa faili za Mwanne tu. Ukijaribu kugusa za mwenzako, inakujibu kwa Kiingereza kikavu kwamba huna ruhusa. Lakini juu ya majina yote lilikuwepo moja lisilokatazwa kitu, ambalo mafundi waliliita mzizi, na pale ofisini likawa Mzizi, likazungumzwa kama mtu. Mzizi anafungua faili ya yeyote na kufuta chochote. Wala huhitaji kutoka nje na kuingia upya ili uwe Mzizi. Umeketi kwa jina lako, unaandika herufi mbili, s na u, unatoa neno la siri la Mzizi, na kuanzia hapo mashine inakutii wewe kama inavyomtii yeye. Alama ya dola iliyokuwa ikikungoja mwanzo wa mstari inageuka alama ya reli, mistari miwili iliyokatizwa na mingine miwili. Ukimaliza unaandika amri ya kutoka, unarudi kuwa wewe.

Neno la siri la Mzizi lilikuwa la Anar, msimamizi wa mashine, binti wa Bi Rehmat mwenye duka la vitambaa. Alikuwa na miaka ishirini na saba, alisomea mambo hayo Dar es Salaam, na alikuwa mpole mpaka mtu aguse waya usiomhusu. Kanuni za wafadhili zilisema neno lile ni la mtu mmoja, na mwingine akikutwa analitumia anaachishwa kazi siku hiyohiyo. Chini ya kanuni hizo palikuwa na saini ya mkurugenzi wa mradi, Bwana Sabiti.

Anar alipokaribia kujifungua, ikabidi aende Mwanza kwa wakwe zake. Kabla ya kuondoka alimwendea Bwana Sabiti akamuuliza nani ataiwasha mashine na kuhifadhi kazi kwenye utepe kila Ijumaa.

"Mpe Mwanne," alisema Bwana Sabiti.

"Basi niandikie, Mzee."

"Nitaandika."

Hakuandika. Watu wa aina ya Bwana Sabiti huandika kila kitu isipokuwa kile kitakachowabana. Anar akamnong'oneza Mwanne neno la siri sikioni, akamshika mkono. "Dada Mwanne, usikae ndani ya Mzizi. Ingia, fanya, toka. Na ukitoka, hakikisha kweli umetoka."

Kilichofuata kilikuwa cha ajabu kidogo. Bwana Sabiti alikuwa amelisahau neno lake mwenyewe la siri zamani, na kuwekewa jipya alikataa, eti atalisahau tena. Lakini barua zake alitaka zitoke kwa jina lake. Kwa hiyo alimwambia Mwanne kila mara, "Mama Mwaisha, hebu ingia kwangu uniandikie." Na aliye Mzizi anaweza kuwa mtu yeyote bila kuulizwa neno. Mwanne aliingia kwa jina lake, akawa Mzizi, na kutoka Mzizi akawa Sabiti. Aliandika barua, akachapa, akapeleka kusainiwa. Katika wiki tano ziliandikwa barua kumi na nane kwa njia hiyo.

Mtu wa mwisho ninayetaka mumjue ni Mageni. Alikuwa karani kama Mwanne, Msukuma wa Maswa, kijeba wa miaka arobaini mwenye kicheko cha kutikisa madirisha, na alikuwa mtani wake. Mzaramo na Msukuma wakikaa chumba kimoja hawawezi kukaa kama watu wengine. Mageni alimficha viatu mlangoni mpaka alipwe soda. Mwanne alimwekea michembe, vile viazi vikavu vya Kisukuma, ndani ya droo, kwenye bahasha ya serikali, na maneno "Chakula cha mifugo". Siku alipozikwa mzee Zamoyoni, Mageni alilala mbele ya jeneza akalizuia lisipite mpaka apewe kofia ya marehemu, na Mwanne, aliyekuwa analia, akacheka huku akilia. Mambo hayo yana heshima yake. Mtani humkasirikii, wala humshtaki kwa mkubwa. Ukimshtaki, aibu ni yako.

Mwezi mmoja kabla ya siku ninayoisimulia, Mageni alikalia kiti cha Mwanne alipokwenda kunywa chai, akaandika amri ya kufuta kabati zima la faili za vijiji. Alijua fika kwamba makarani waliruhusiwa kuandika humo, si kufuta, na kwa jina la Mwanne mashine haitakubali. Ilikataa kweli, faili moja moja, na kioo kikajaa mistari ya huna ruhusa, huna ruhusa, huna ruhusa. Mwanne aliporudi alipiga ukelele akamwaga chai. Soda alinunua yeye, na habari hiyo ikachekwa wiki nzima.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tano. Chini ya jengo walikuwa wakingoja viongozi wawili wa vikosi vya kuchimba, mmoja wa upande wa Kagongwa, mwingine wa Segese. Saa sita orodha ya vijiji vilivyochaguliwa ilikuwa ichapwe, wakabidhiwe, waondoke. Orodha hiyo ilitokana na faili za vijiji mia tatu na kumi na mbili, kazi ya miezi minne, kina cha maji, chumvi, idadi ya kaya, zote zimeandikwa kwa mikono ya Mwanne na Mageni. Utepe wa Ijumaa iliyopita ulikatikiwa na umeme katikati ukaharibika. Utepe mzima uliokuwepo ulikuwa wa wiki mbili nyuma.

"Mwangaluka, mcheza ngoma!" alisema Mageni alipoingia.

"Mwangaluka, mla michembe. Leo usinisogelee, nina kazi."

Saa nne kasoro dakika kumi mkurugenzi aliagiza barua. Mwanne akawa Mzizi, akawa Sabiti, akaandika, akachapa. Akaandika amri ya kutoka. Hapo mlinzi akapiga kelele kutoka chini: "Bi Mwanne! Trankoli! Mwanza!" Simu ya mbali ikikatika, kuipata tena ni kazi ya siku nzima. Aliinuka akakimbia ngazi miguu mitupu, viatu hakuvigusa.

Sauti ya Anar ilikuja na mikwaruzo. "Dada Mwanne, nimejifungua! Wa kiume! Jana!"

Mwanne alipiga kigelegele pale mapokezi, viongozi wa vikosi wakageuka. Alimpongeza, akauliza uzito, akauliza uchungu ulikuwaje.

"Na mashine haijambo?" aliuliza Anar. "Umetoka kwa Mzizi?"

"Nimetoka," alijibu Mwanne, na aliamini hivyo.

Lakini alikuwa ametoka mara moja. Alikuwa kama aliyejifunga kanga mbili, akavua ya juu, akasahau ya ndani. Alipotoka kwa Sabiti alirudi kwa Mzizi, na kwa Mzizi ndiko kioo chake kilikobaki, na alama yake ya reli, mbele ya kiti kitupu.

Alipopanda ngazi alikuwa akitabasamu bado. Chumbani Mageni alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono ameining'iniza mbali na mwili kama aliyeshika masizi. Hakucheka.

"Haikukataa," alisema.

"Nini haikukataa?"

"Nimefanya ile ya siku ile. Nilitaka upige kelele tu. Mtani, haikukataa. Imekaa kimya."

Mwanne alitazama kioo. Alama ya reli ilikuwa pale, na mbele yake mwanga mdogo unapepesa. Aliketi akaiuliza mashine iorodheshe faili za vijiji, na mashine haikuonyesha hata moja. Akauliza tena, polepole, akiangalia kila herufi. Hakukuwa na kitu. Mashine ikitii haisemi neno, inakungoja tu uiambie lingine.

"Rudisha," Mageni alinong'ona.

"Hairudishiki."

"Kuna utepe."

"Wa wiki mbili. Vijiji sitini na kimoja havimo." Alijishika kichwa. "Kamwite mkurugenzi. Yuko hotelini ng'ambo, anakunywa chai."

"Mwanne, ngoja kwanza tufikiri—"

"Kamwite, Mageni!"

Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake tangu wafahamiane. Mageni akatoka mbio, naye bila viatu.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika tisa. Mwanne alibaki peke yake na kiyoyozi kinachovuma. Na hapo akakumbuka jambo ambalo angependa asilikumbuke. Mashine ilikuwa na daftari lake. Kila mtu alipobadili jina, ilijiandikia yenyewe mstari: siku, saa, kioo namba ngapi, nani amekuwa nani. Na daftari hilo lilikuwa faili kama faili nyingine, na yeye bado alikuwa Mzizi.

Alilifungua. Mstari wa chini kabisa ulisema Mwanne amekuwa Sabiti. Uliokuwa juu yake ulisema Mwanne amekuwa Mzizi. Hata alipopitia kwa Mzizi, mashine haikusahau mlangoni aliingia nani. Alipandisha kioo juu, akaona jina lake, na jina lake, na jina lake, wiki tano nzima. Kuhusu Mageni hakukuwa na hata herufi moja. Mikono ilikuwa ya Mageni, lakini mashine haijui mikono.

Kuifuta mistari ile ilikuwa kazi ya dakika mbili. Halafu nani angejulikana kuwa na neno la Mzizi? Anar peke yake. Watu wangesema Anar aliacha kitu kibaya kabla ya kuondoka, au alikosea, au mashine za wazungu ndivyo zilivyo. Mwanne alimwona mama yake akiminya miguu kizingitini. Alimwona Mwaisha, ambaye Januari angeanza sekondari, na mdogo wake Mwanaidi anayemfuata. Aliiona barua ya kuachishwa kazi, maana alikuwa ameshapiga chapa barua za namna hiyo za watu wengine na alijua kila neno lake. Akasogeza alama kwenye mstari wa kwanza wenye jina lake. Akaweka kidole juu ya kitufe cha kufutia.

Sitawadanganya kwamba alikuwa mtakatifu. Kidole kilikaa pale. Alimwogopa Mungu, na zaidi aliiogopa njaa. Sauti ya Anar ilikuwa bado masikioni, imejaa furaha ya mtoto wa siku moja, na aliichukia sauti hiyo kwa nafasi ya pumzi tatu nne, kwa sababu ilimzuia. Ngazi zilikuwa kimya. Akabonyeza. Mstari mmoja ukatoweka, na chini yake ukapanda mwingine, nao una jina lake.

Ndipo akapandwa na hasira, na hasira hiyo ilimshangaza mwenyewe. Miaka kumi na minne alikuwa ameandika barua, ripoti, hotuba na mihtasari, na chini ya kila moja kulikuwa na saini ya mwanamume fulani. Hakuna karatasi katika mji mzima wa Shinyanga iliyosema kazi hii ameifanya Mwanne binti Zamoyoni. Daftari hili lilisema. Lilisema kwa ubaya, lakini lilisema kweli. Na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta.

Aliacha faili bila kuhifadhi mabadiliko. Akaifungua tena kuhakikisha. Mstari ule ulikuwa umerudi mahali pake. Saa ilionyesha saa nne na dakika ishirini aliposikia viatu vya mkurugenzi vikipanda ngazi.

Bwana Sabiti aliingia na viatu vyake vyenye vumbi, jambo alilowakataza wengine. Mageni alikuwa nyuma yake, anahema. Mwanne alisimama akaeleza: alikuwa Mzizi, akawa Sabiti kwa ajili ya barua, akatoka mara moja badala ya mbili, akaenda kwenye simu, faili zimefutwa. Jina la Mageni hakulitaja. Mageni alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mashine inajua ni nani?" aliuliza mkurugenzi.

"Inajua. Inaandika kila anayebadili jina."

"Inasema nani?"

"Inasema mimi, Mzee."

Bwana Sabiti alitikisa kichwa kwa huzuni ya kiofisi. Kisha kitu kikamgusa. "Na mimi nimo humo?"

"Umo. Mara kumi na nane. Kila barua uliyosaini ina mstari wake, na tarehe zinalingana."

Huzuni ya kiofisi ikamtoka usoni. Alifunga mlango. Aliposema tena alikuwa ameshusha sauti, karibu ya upole. "Mama Mwaisha, daftari hilo unaweza kulifuta?"

"Naweza."

"Basi lifute lote. Tutaandika kwamba Anar aliiacha mashine vibaya. Yeye ndiye msimamizi. Wewe hukuwa na neno lolote la siri, wala mimi sikujua. Kesho unaendelea na kazi yako kama kawaida."

"Mzee, Anar amejifungua jana."

"Mama yake ana duka. Hatalala njaa." Alimtazama. "Wewe nyumbani kwako nani ana duka?"

Swali hilo lilimchoma Mwanne mahali pale alipokuwa amejichoma mwenyewe dakika chache nyuma. Aliinama juu ya kioo akaandika amri ya kutoka, akabonyeza. Alama ya reli ikaondoka, ikaja ya dola.

"Umefanya nini?" aliuliza Bwana Sabiti.

"Nimetoka kwa Mzizi. Sasa mimi ni Mwanne tu, na Mwanne hana ruhusa ya kugusa daftari lile."

"Rudi."

"Sirudi."

"Nipe hilo neno, niingie mwenyewe."

"Neno ni la Anar, Mzee. Mwombe Anar."

Mkurugenzi alivimba shingo. Hapo Mageni akapata sauti, ikatoka nyembamba, haifanani na yake. "Mzee, ni mimi niliyefuta. Nilikalia kiti chake. Nilikuwa namtania."

"Nyamaza."

"Ni mikono yangu, Mzee!"

"Jina lako liko wapi humo?" Bwana Sabiti aliuliza kwa ukali. "Hulioni, silioni, na wafadhili hawatalisoma. Mwenye jina amekiri. Kaa kwenye kiti chako." Kisha akamgeukia Mwanne. "Nenda nyumbani. Barua itakufuata."

Viongozi wa vikosi waliondoka mchana ule mikono mitupu. Barua ilimfuata Jumamosi. Ilisema ameachishwa kazi kwa kutumia jina la msimamizi bila idhini, na ilikuwa na makosa matatu ya kupiga chapa. Mwanne aliyaona yote matatu kabla ya kuona kitu kingine. Alimsomea mama yake, akaikunja, kisha akaenda uani akalia kwa sauti, bila kujizuia, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

Jumapili Mageni alikuja Ngokolo. Alibisha hodi kama mtoza kodi. "Shikamoo mama," alimsalimu mama yake Mwanne kizingitini, kisha akasema, "Bi Mwanne, nimekuja kuomba radhi."

Miaka minane, na hakuwahi kumwita Bi. Lilimuuma Mwanne kuliko barua. Aliona kwamba pamoja na kazi anapoteza na hiki.

"Ukiniita Bi mara ya pili, nakutoa na mchi," alisema. "Nani amekufundisha adabu, mla michembe wewe? Faini yako naijua. Vijiji sitini na kimoja, utaviandika upya wewe peke yako kutoka kwenye madaftari ya wapimaji, na usiruke hata kaya moja."

"Chumba amekifunga mpaka Anar arudi. Naandika kwa mkono, kwenye karatasi." Mageni alifuta uso kwa kiganja. "Nimefika cha kumi na tisa."

"Unachelewa. Wabeja, ahsante, lakini unachelewa." Kisha wakaketi kizingitini, na mama yake Mwanne akawaletea uji.

Anar alirudi baada ya siku kumi na mbili, kabla ya arobaini yake kwisha, na wakwe walimsema sana kwa hilo. Alishuka kwenye basi akaenda ofisini moja kwa moja na mtoto kifuani. Alidai chumba kifunguliwe, akarudisha kwenye mashine faili zilizokuwa kwenye utepe, akampa Mageni kioo aanze kuandika, kisha akalisoma daftari la majina kuanzia siku aliyoondoka. Jioni ile alikuja kwa Mwanne. Hakukaa.

"Nimeona ulifungua daftari," alisema. "Mashine inaonyesha saa ilipofunguliwa mara ya mwisho. Saa nne na dakika kumi na tisa, Alhamisi ile. Ulikuwa Mzizi bado."

"Ndiyo."

"Sabiti alifika saa ngapi?"

"Na dakika ishirini. Nilikuwa peke yangu dakika kumi na moja."

"Na umeliacha lote."

"Nilifuta mstari mmoja," alisema Mwanne. "Nikaurudisha. Usinione mwema kuliko nilivyo."

Anar alianza kulia, mtoto naye akaamka akalia, na Mwanne akampokea akambembeleza kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Anar alipotulia alitoa bahasha kwenye mkoba. Ndani kulikuwa na daftari lote, limechapwa karatasi kwa karatasi, na nakala za barua kumi na nane zenye saini ya Bwana Sabiti.

"Kesho kuna treni ya Dar," alisema. "Nikiwapelekea wafadhili hizi, wataona aliyekutuma. Lakini wataona pia nilikunong'oneza neno lisilo lako, na wataona mistari yako. Huenda tukaondoka sote watatu. Nisipopeleka, yeye anabaki, mimi nabaki, wewe umekwisha ondoka. Sema wewe. Naweza kuikata mistari yako nikabakiza ya kwake."

Mwanne alimrudishia mtoto. Barua ya kuachishwa haikutaja kufuta kazi ya vijiji, na bado alikuwa na tumaini dogo la kuajiriwa na ofisi nyingine kabla habari hazijaenea. Karatasi zile zikifika Dar, hakuna ofisi ya serikali ambayo isingesikia.

"Usikate hata mmoja," alisema. "Ipeleke yote, na mimi nikiwemo. Sikuiacha pale siku ile ili ije ifichwe kwenye mkoba wako."

Bahasha iliondoka na treni. Wakaja wakaguzi wawili kutoka Dar, wakakaa siku nne, wakamhoji kila mtu, hata mlinzi. Mageni alijitaja mwenyewe mbele yao, na safari hii waliandika jina lake. Bwana Sabiti alihamishwa, na Anar akapewa onyo. Miezi miwili baada ya Alhamisi ile, barua nyingine ilifika Ngokolo. Kwa kuwa daftari lilikutwa zima, ilimrudisha Mwanne kazini na kumteua msaidizi wa msimamizi wa mashine, ikamkata mshahara wa mwezi mmoja, na ikawa na onyo kali kwa kutumia jina lisilo lake. Mwanne alisoma onyo mara mbili, akalisaini, kisha akamuuliza tarishi aliyeileta ufunguo wa chumba cha mashine uko kwa nani.